Mwalimu Aliyetutajia Rangi

Mtu wa kwanza kuniamuru nimwamkie mtu aliyekuwa ndani ya televisheni alikuwa Mwalimu, na hakuwa anatania. Sura ya mkufunzi wa Dar es Salaam ilipotokea kwenye kioo, ikatetemeka kidogo na kutulia, Mwalimu aligonga meza kwa kijiti chake, na sisi darasa zima, watu wazima wenye watoto majumbani, tukasimama na kusema kwa sauti moja, "Shikamoo, Mwalimu." Mkufunzi hakuitikia. Alianza moja kwa moja na habari za mmeng'enyo wa chakula, na jambo hilo lilimkera Mwalimu kila kipindi.

"Huyu hakufundwa," alisema chini chini. "Haya, kaeni."

Siku ya kwanza mwenzetu mmoja, askari magereza, aligoma kusimama. Alieleza kwa heshima zote kwamba mtu yule hatuoni.

"Wewe unamwona?" Mwalimu alimuuliza.

"Namwona, Mwalimu."

"Basi simama. Mwenye kuona ndiye mwenye kuamkia."

Askari alisimama. Alikuwa mrefu, akaziba kioo, na waliokuwa nyuma yake wakaamkia mgongo wake.

Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya elimu, mjini Songea, miaka ile maduka ya Majengo yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tumevisahau. Mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai, redio zilishindana barabarani, na kila aliyeweza kupata deki na umeme alifungua kibanda cha video. Sisi tulikuwa watu ambao shule ilituacha njiani. Tulimaliza la saba, hatukuchaguliwa, tukaenda kutafuta maisha, na sasa tulikuwa tunasoma kwa posta ili tufanye mtihani wa kidato cha nne. Vijitabu vilitoka Dar kwa basi. Kwa masomo ya sayansi ilikuja pia mikanda ya video, kwa sababu wakubwa walifikiri kwamba watu wasio na maabara wanaweza angalau kutazama maabara ya wenzao.

Mimi nilikuwa mhudumu wa wodi hospitalini. Nilifua mashuka, nilisukuma vitanda, nilimwaga yanayomwagwa. Nilitaka kuwa muuguzi, na chuo cha uuguzi kilitaka cheti chenye baiolojia ndani yake. Bila baiolojia ningesukuma vitanda mpaka nami nisukumwe. Ndiyo maana nilikwenda kituoni kila nilipotoka zamu, na ndiyo maana nilimvumilia Mwalimu.

Alihitaji kuvumiliwa. Deki aliitunza kuliko wengine wanavyotunza wakwe. Mke wake alikuwa ameifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na kingine cha televisheni, na kuviondoa vitambaa hivyo ilikuwa kazi yake peke yake. Alivikunja polepole, akavitundika kwenye mgongo wa kiti, akanawa mikono, akafuta hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma mkanda, kwa pamba yenye spiriti, ndipo akaingiza mkanda. Tulipofika hapo wengine walikuwa wameshapata usingizi wa kwanza. Naye aliwaona.

"Yule wa Dar hawezi kukuona ukisinzia," alisema. "Mimi naweza."

Mtu angemsikiliza akizungumza mitaani angedhani hakuna aliyeiamini mashine ile kuliko yeye. Alimwambia kila aliyekutana naye, kuanzia paroko hadi wauza mkaa wa Lizaboni, kwamba siku za mwalimu wa chaki zimekwisha, kwamba mtu mmoja akizungumza Dar nchi nzima itaelimika, na kwamba yeye mwenyewe sasa ni mbonyezaji tu. Lakini mbonyezaji huyo hakuwahi kuuacha mkanda ukaenda dakika chache bila kuukatiza. "Hapa tusimame kidogo," alisema, akabonyeza, na mkufunzi wa Dar akabaki ameganda, mdomo wazi na kidole juu, huku Mwalimu akitueleza kwa Kiswahili kile ambacho mwenzake alikuwa karibu kukieleza kwa Kiingereza. Mara nyingi alibishana naye. Alimwona ana haraka, anavaa tai isiyolala vizuri, na anafuta ubao kabla watu hawajanakili. Kipindi cha nusu saa kilituchukua jioni nzima.

Umeme ulipokatika ndipo alipofurahi. Mashine za umeme za mji wetu zilitegemea dizeli, na dizeli ilitegemea barabara, kwa hiyo hatukushangaa kioo kikizimika katikati ya figo. Mwalimu alisogea mbele ya televisheni iliyokufa, akainua kidole kile kile, akasukuma miwani ambayo hakuwa nayo, na kuendelea na kipindi mahali kilipokatikia, kwa sauti ya mkufunzi wa Dar, pamoja na kukohoa kwake. Mkanda ule alikuwa ameutazama mpaka umemwingia mwilini. Umeme uliporudi tulimwomba awashe.

"Wa nini tena?" alijibu. "Kipindi chake nimeshakimaliza."

Sasa nifike kwenye rangi.

Televisheni yetu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Tulipewa na watu wema, na mtu hapewi halafu akachagua. Kwa figo na moyo haikutudhuru. Lakini sehemu ya mtihani wa baiolojia ilikuwa ya majaribio ya vyakula, na majaribio yale yote ni rangi tupu. Unaweka dawa kwenye chakula, rangi inageuka, na mgeuko ule ndio jibu: hiki kina wanga, kile kina sukari, hiki kina protini. Kijitabu kilisema tu, "Tazama mkanda uone rangi." Tukautazama. Dawa ya kijivu ilimwagwa juu ya kitu cha kijivu, kikawa kijivu zaidi.

Mwalimu hakutetereka. Alisimama ubavuni mwa televisheni na kijiti chake, akatutajia. "Sasa imekuwa kijani. Angalieni, inapata joto, inageuka njano. Njano hiyo. Sasa rangi ya tofali. Andikeni." Tukaandika. Alitaja kwa uhakika mkubwa, na wakati mwingine kabla hata dawa haijamwagwa, hata ukaanza kuziona kweli. Askari magereza aliniapia kwamba aliliona tofali.

Kilichotusumbua ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa historia na siasa. Alikuwa akitwambia hivyo bila kuona haya, kwamba alifundisha vita vya Maji Maji maisha yake yote na hajawahi kushika neli ya kioo. Rangi alizitoa wapi?

Jibu lilikuwa kwenye kibanda cha video cha Majengo, mahali alipotukataza kabisa kukanyaga. Kibanda kile, alisema, ni mauti ya akili, ni mateke na ngumi na wanawake wa Kihindi wakikimbizana kwenye mvua. Halafu Jumamosi moja asubuhi nikapita pale nikielekea kazini, nikamwona anatoka kibandani, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, kana kwamba kuna mtu mjini ambaye angeshindwa kuitambua suti yake. Alikuwa na suti moja ya bluu ya mikono mifupi, ya mifuko minne, iliyopigwa pasi mpaka mistari yake ikawa na makali. Songea nzima iliijua. Ukiiona kwa mbali unajua kuna mahali mtu anakwenda kurekebishwa.

Habari ilienea darasani ikatiwa chumvi njiani. Askari alisema amesikia mwenyewe sauti za mateke. Mwingine alisema mlango wa kibanda una ubao wa matangazo ya filamu ulioandikwa kwa mwandiko ule ule wa ubao wetu, herufi S zimepinda mkia vile vile, na hilo lilikuwa kweli kabisa, nililiona: majina ya filamu za ngumi yalikuwa yametafsiriwa kwa Kiswahili sanifu, bila kosa hata moja la herufi kubwa. Hatukumuuliza. Tulijifanya hamnazo, tukawa tunacheka tukitoka.

Ukweli niliupata baadaye kwa mwenye kibanda mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa na televisheni ya rangi. Mwalimu alikuwa akimpelekea mkanda wetu asubuhi, kabla ya wateja, wanautazama wawili, Mwalimu anazikariri rangi kwa mpangilio wake. Ijara yake ilikuwa kumwandikia ubao. Aliona aibu ya kutamba mjini na mashine isiyoweza kutuonyesha bluu na nyekundu, kwa hiyo aliibeba yeye ile rangi kichwani kutoka Majengo mpaka kituoni.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na sidhani kama lingeweza kutokea mji mwingine.

Mwenye kibanda alikuwa ameanza kupiga picha za harusi pia, biashara mpya wakati ule. Wiki moja kabla ya mtihani wetu alimwita Mwalimu aje kutazama mkanda wa harusi ya jirani, ambako Mwalimu alikuwa mgeni rasmi na alihutubia mpaka pilau ikapoa. Mwenye kibanda alinisimulia huku akijifuta machozi ya kicheko.

"Akajiona anaingia ukumbini. Akasogea karibu na kioo. Akaniuliza, 'Suti yangu hii ni ya rangi gani?' Nikamwambia, bluu, Mwalimu, nani asiyejua. 'Na pale kwenye kioo?' Nikaangalia. Nikamwambia, pale ni kijani."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, 'Tangu lini?' Nikamwambia, tangu niinunue, Mwalimu. Bluu yake ilishakufa. Mimi wateja wangu wanataka damu ionekane, na damu inaonekana vizuri. Hawajawahi kulalamika."

Mwalimu aliketi, alisema, akashika kichwa. Kila penye bluu alikuwa ametupa kijani. Penye zambarau alitupa kahawia. Tulikuwa tumezikariri zote kwa bidii, kwa mpangilio, na mtihani ulikuwa mlangoni.

Mtu mwingine angenyamaza. Nani angejua? Matokeo hutoka miezi kadhaa baadaye, na sisi tulikuwa watu wa kufeli, tumeshazoea. Mwalimu alipanda baiskeli akaenda seminari kumwomba padri wa baiolojia amwonyeshe rangi za kweli kwa macho yake, na padri akampa kichupa cha iodini aondoke nacho. Kisha akaanza kutuzungukia nyumba kwa nyumba.

Kwetu Mshangano alifika mchana, mvua imemnyeshea, matope mpaka kwenye magoti ya ile suti. Mama yangu alikuwa ndio kwanza anapakua. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia haraka haraka bila kuuliza habari za shamba, nikajua kuna jambo.

"Mama," alisema, "samahani sana. Naomba ugali."

Mama alifurahi mno. Kuja kwa Mwalimu ilikuwa heshima, na Mwalimu mwenye njaa ni heshima zaidi. Alimnawisha, akamwekea sahani, tonge la wageni, na dagaa wa Nyasa pembeni. Mwalimu alishukuru, akachomoa kichupa mfukoni, na kudondosha ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda katikati ya ugali wa mama yangu.

Mama alianza kusema kwa Kiswahili akamalizia kwa Kingoni. Sitayarudia. Sehemu aliyoisema kwa Kiswahili ilihusu watu waliosoma, na namna baba zao walivyowalea.

Lakini mimi sikumsikiliza mama. Niliangalia sahani. Pale dawa ilipoangukia, ugali ulikuwa unageuka bluu, bluu nzito inayoelekea weusi, mbele ya macho yangu, mchana, kwenye sahani ninayoijua. Sikuwa nimewahi kuona kitu kile kwa rangi. Nilipiga magoti kuisogelea.

"Umeona?" Mwalimu aliniuliza.

"Nimeona."

"Si kijani."

"Si kijani, Mwalimu."

"Nilikupotosha, binti. Niliangalia kwenye kioo kibovu nikakuletea. Nisamehe." Akamgeukia mama. "Na wewe, mama, nisamehe."

Sikujua pa kuweka macho. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kumsikia mwalimu akimwomba mwanafunzi msamaha, na nilitamani aache. Nilisema ndiyo, nimesamehe, kwa sauti ndogo. Mama alisema atasamehe akila. Mwalimu alikula ule upande usio na dawa, wote, na dagaa, na mama akatulia kidogo. Kabla ya kuondoka alinisomea rangi nyingine zote za padri, moja baada ya nyingine, akanitaka nizirudie mpaka nikazishika, kisha akapanda baiskeli kwenda Lizaboni kuharibu ugali wa watu wengine.

Alimfikia askari magereza getini mwa gereza akiwa zamu. Askari alisikiliza vizuri, akapiga saluti, akasema, "Mwalimu, mimi kijani kimeshakaa. Nikikitoa sasa, vyote vitatoka." Akaingia nacho kwenye mtihani, akafeli, akarudi mwaka uliofuata, akashinda.

Mimi swali lilipokuja niliuona ugali wa mama. Nilipata C. Nilipompelekea Mwalimu habari alisema C ya bila maabara ni B kwa mtu mwenye adabu, kisha akaniuliza alama nyingine nilizipotezea wapi. Nikaenda chuoni. Vitanda nikaacha kuvisukuma, au tuseme nikaanza kuwaagiza wengine wavisukume.

Miaka ikapita mingi. Deki zilikwisha, vibanda vikafungwa, nami nikawa muuguzi kwenye wodi ya macho, mjini hapa hapa. Asubuhi moja nikasikia kishindo cha kijiti kwenye sakafu ya sementi na sauti ikimuuliza mhudumu kwa nini hakuamkia alipoingia. Sikuhitaji kuinua kichwa.

Mtoto wa jicho alikuwa amemkaa macho yote mawili. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba kwenye kola, lakini suti ilikuwa ile ile au mjukuu wa ile. Tulimpa nguo za hospitali, nayo tukaitundika kwenye msumari karibu na kitanda, kwa sababu aligoma ipelekwe stoo. Halafu akagoma na upasuaji. Alikuwa ameshagoma mara mbili hapo nyuma. Mtu aliyetangaza mashine mji mzima hakutaka mashine jichoni mwake, na daktari akaniambia, "Huyu tukimkosa leo, hatarudi tena. Macho yatamzimika kabisa."

Nikaketi pembeni ya kitanda chake, nikamwambia mimi ni nani. Alinipapasa mkono.

"Yule wa C," alisema.

"Ndiye, Mwalimu."

"Nitajie humu ndani kuna nini. Mimi naona ukungu wa chai."

Nikamtajia. Ukuta, krimu juu na kahawia chini. Blanketi, jekundu. Ndoo, njano. Sare yangu, nyeupe. Alitikisa kichwa kwa kila moja, akinipima, na mara moja akanisimamisha kuniuliza nina uhakika gani na ndoo. Kisha akaelekeza kidole kwenye msumari.

"Na suti yangu?"

"Bluu."

"Mke wangu, marehemu, ndiye aliyeichagua ile rangi," alisema. "Mimi naiona kijani, binti. Siku nyingi sasa naiona kijani. Nimemgombeza mjukuu kwamba ameifua na kitu."

"Hajaifua na kitu. Ni bluu."

"Kwa hiyo kioo kibovu ni mimi."

Nilitaka kucheka na sikuweza, kwa sababu ilinichoma. Nikamwambia kioo kinatengenezeka, ndiyo kazi yetu hapa. Nikamwambia mimi mwenyewe nitasimama pale, ubavuni mwake, mwanzo mpaka mwisho, na lolote watakalofanya nitamtajia.

"Na ukikosea?"

"Nitakufuata mpaka kwako, nikuombe msamaha."

Aligeuza uso ukutani. Kisha aliuliza kama kwenye chumba cha upasuaji kunapigwa hodi au mtu anaingia tu, nikajua amekubali.

Alipasuliwa siku ile ile. Kesho yake asubuhi daktari alimfungua kitambaa cha jicho la kwanza. Wazee walikuwa kwenye vitanda vyao, kila mmoja akisubiri zamu yake. Daktari aliinua vidole amuulize ni vingapi. Mwalimu hakuviangalia. Jicho lilinipita na mimi niliyeketi pembeni, uso wangu na sare yangu, likaenda moja kwa moja kwenye ule msumari, akatazama kwa muda mrefu, jicho likimtoka maji. Halafu akakaa wima, akatafuta kijiti, akagonga fremu ya kitanda.

"Bluu," aliitangazia wodi. "Andikeni."

Mzee wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa bado amefungwa macho yote mawili, aliuliza aandike wapi. Mimi, kijiti kilipogonga tu, nilikuwa nimeshasimama.